Nimehesabiwa Mara Tatu

Mwaka mzima bango halibandikwi Isevya.
Mwaka mzima, na wa pili, na wa tatu.
Bendi zinapita na treni ya usiku kwenda Mwanza,
sisi wa Tabora tunaambulia honi,
na honi, kusema kweli, haina besi.

Halafu unaingia mwezi wa nane,
vumbi limesimama, tumbaku imeshapimwa
(mimi ni karani wa mizani, najua),
na ghafla kila kiwanja kina jukwaa,
kila jukwaa lina spika kubwa kama kabati la bibi harusi,
na kiingilio: bure.

Bure!
Tamu kama asali ya Sikonge,
ila ukilamba kwa pupa
unaondoka na mwiba wa nyuki ulimini.

Naomba nieleweke. Sikumfuata mgombea.
Nilimfuata Mihayo, mpiga solo,
mkono mrefu kama wa mrina asali.
Ana wimbo wa dakika kumi na moja.
Sita za kwanza ni maneno: Asumini, barua, mama mkwe.
Ya saba waimbaji wanakaa kando,
ngoma inachochea kuni,
na gitaa linapanda ngazi
ambayo sijawahi kuuona mwisho wake.
Hapo ndipo ninapoishi.

Kiloleni, Jumamosi, tulifika dakika ya saba kasoro.
Mshereheshaji akajikata shingo kwa kiganja:
Zima! Mheshimiwa ameingia!
Gitaa likabaki mdomo wazi.
"Umati wote huu ni kura zangu,"
akasema, akitunyooshea kidole,
nami nikahesabiwa nina muhogo mdomoni.

Jumatano, Cheyo. Chama kingine, bendi ileile,
fulana mpya, jasho la juzi.
Palipokuwa na Asumini pamewekwa jina la mgombea,
silabi moja imezidi,
mwimbaji anaimeza kama kidonge cha malaria.
Dakika ya saba: Zima!
Nikahesabiwa tena.

Ijumaa, kiwanja cha reli, nilijiapiza siendi.
Nilikwenda.

Nkwabi, mwenzangu wa mizani, akaniuliza kazini:
"Hivi wewe una sera gani?
Leo kofia ya hawa, kesho kanga ya wale?"
Nikaendelea kuandika kilo.
Si kwamba sijali, Nkwabi.
Bomba la mtaani kwetu limeahidiwa maji mara nne,
na ahadi zote nne nimezisikiliza hadi nukta ya mwisho,
kwa sababu ahadi haikatwi katikati.
Kinachokatwa ni gitaa.

Siku yenyewe nilipanga foleni toka alfajiri.
Nimemchagua nani, analijua boksi.
Nilichovya kidole, nikarudi nyumbani,
nikapika, nikalala mchana kama mgonjwa.

Wiki ile ile viwanja vikarudia ubwege wake:
chupa tupu, mbuzi wakitafuna mabango,
shavu la mheshimiwa kwanza, kisha tabasamu.

Mvua za kwanza zikakuta tangazo,
limeandikwa kwa mkono, limebandikwa kwa ugali:
ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli, elfu tano.
Tulikuwa watu thelathini na saba.
Niliwahesabu mwenyewe, mmoja mmoja,
pamoja na mtoto wa mkata tiketi aliyelala juu ya viti viwili.
Spika moja ilikuwa inakoroma.
Mpiga besi alinong'ona kwamba pesa ya Cheyo
wanaidai mpaka leo.

Asumini alikuwa amerudi mahali pake.
Barua. Mama mkwe.
Dakika ya sita nikaacha kupumua,
nikatazama mlangoni kwa mazoea.
Hakuingia mtu.

Ya saba.

Nilikuwa mbele kabisa, magoti yanagusa jukwaa.
Nikakiona kidole chake kidogo cha kushoto,
wino wa kura bado umeganda kwenye kucha,
kikijinyoosha juu ya nyuzi
kuitafuta ile noti ya juu kabisa,
kikateleza,
kikarudi, kikaitafuta tena.